Mwani Humea Bila Shida, Shida ni Kuutoa Majini

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu mafuta ya kuendeshea injini yanayotokana na mwani. Jambo hili limetajwa mara nyingi katika habari za sayansi na za biashara, na kila linapotajwa huandamana na ahadi kubwa, kwa hiyo inafaa lipimwe kwa utulivu, hasa katika nyanda za Gusii, yaani Kaunti za Kisii na Nyamira, ambako ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na bei ya dizeli inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, EPRA, hugusa nauli ya matatu, gharama ya kupeleka ndizi Nairobi na hata gharama ya lori linalokusanya majani ya chai.

Swali la jioni hii ni moja. Ikiwa mwani humea wenyewe katika kila bwawa na kila mtaro, na ikiwa ndani yake mna mafuta, kwa nini mafuta hayo hayajafika katika vituo vya mafuta vya Kisii, Keroka na Nyamira kwa bei ambayo mwenye gari anaweza kuimudu? Ili swali hilo lijibiwe vyema, mazungumzo yataeleza kwanza mwani huo ni nini, kisha yatatazama waliojaribu kuugeuza kuwa mafuta na wakaishia wapi, baada ya hapo yatapiga hesabu ya bwawa moja la Gusii, na mwishoni yatasema ni faida gani ambayo mkulima wa hapa anaweza kuipata kutokana na mwani bila kusubiri miujiza.

Basi mwani huu ni nini? Mwani unaozungumziwa hapa ni tofauti na ule unaofungwa kwenye kamba baharini na wanawake wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, au ule ambao umelimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa maana mwani huo mkubwa huuzwa kwa ajili ya utomvu wake unaotumiwa kugandisha vyakula na dawa, wala hautegemewi kwa mafuta. Mwani wa mafuta ni viumbe vidogo mno, vingi vyao vyenye seli moja tu, ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho matupu, lakini vikikusanyika kwa mamilioni hugeuza maji yote kuwa ya kijani. Viumbe hivyo hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, yaani hutumia mwanga wa jua kuunganisha maji na hewa ukaa, kisha sehemu ya chakula hicho huwekwa akiba ndani ya seli katika umbo la mafuta.

Wafugaji wa samaki wa Gusii wanaujua mwani huu kuliko wanavyodhani. Mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, mabwawa mengi ya samaki yalichimbwa katika maeneo bunge mbalimbali, yakiwemo ya Kisii na Nyamira, na bwawa la kawaida la mpango huo lilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 300. Mfugaji hutia samadi ya ng'ombe au ya kuku katika gunia, akalizamisha pembeni mwa bwawa, na baada ya siku kadhaa maji huanza kubadilika rangi. Ili apime kama yameiva, huinama ukingoni akaushusha mkono majini ukiwa umenyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu, akakitazama kinavyofifia. Kiganja kikipotea machoni pindi maji yanapofika kwenye kiwiko, mwani umetosha na samaki aina ya ngege watapata chakula. Kikiwa bado kinaonekana, samadi huongezwa. Na kikipotea mapema kabla ya kiwiko kulowa, mwani umezidi, nao huweza kumaliza oksijeni ya maji usiku na kuwaua samaki.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya teknolojia hii, ambayo ni kuotesha mwani, si ngeni wala si ngumu, na mkulima mwenye gunia la samadi huiweza. Mwani hauna shida ya kumea. Shida ni kuutoa majini. Msikilizaji na ayashike maneno hayo, kwa sababu yatarudi tena na tena jioni hii.

Baada ya kuufahamu mwani wenyewe, sasa ni zamu ya waliojaribu. Wanasayansi walivutiwa na mwani kwa sababu zenye msingi: aina nyingine huongezeka maradufu kwa siku moja tu, hazihitaji udongo wenye rutuba, baadhi yake huvumilia maji ya chumvi yasiyofaa kwa kunywa wala kwa kilimo, na zikikaushwa huweza kuwa na mafuta ya kiasi cha sehemu moja kwa tano ya uzito wake, wakati mwingine hata nusu. Baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970, Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mwaka 1978 mpango maalumu wa kutafiti viumbe wa majini, ukaendeshwa hadi mwaka 1996 na kugharimu takribani dola milioni 25. Watafiti walikusanya aina elfu kadhaa za mwani, wakachimba mabwawa ya majaribio katika jangwa la New Mexico, mahali penye jua la kutosha na ardhi tele, na bado walikwama, kwa sababu usiku wa jangwani ulipopoa mwani ulipunguza kasi ya kukua, na mavuno ya siku chache bora hayakuweza kudumishwa mwaka mzima. Mpango huo ulipofungwa, hitimisho lilikuwa kwamba mafuta ya mwani yanawezekana kitaalamu, ila bei yake haikukaribia bei ya mafuta ya kuchimbwa.

Je, kushindwa huko kulitokana na uchache wa fedha? Historia ya baadaye inajibu. Mwaka 2009 kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ingeweza kutumia hadi dola milioni 600 katika utafiti wa mwani pamoja na kampuni ya Synthetic Genomics ya mwanasayansi J. Craig Venter. Miaka michache baadaye mpango ulipunguzwa na kurudishwa katika utafiti wa msingi, mwaka 2017 ukatangaza aina ya mwani iliyobadilishwa vinasaba ili iwe na mafuta maradufu, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2023 ilikuwa imejulikana kwamba ExxonMobil imeacha kuufadhili. Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo liliendesha meli zake katika mazoezi ya mwaka 2012 kwa mchanganyiko uliokuwa na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mafuta ya mwani, baada ya kununua galoni 450,000 za mafuta hayo kwa dola milioni 12, ambayo ni kama dola 7 kwa lita. Meli zilikwenda na injini hazikulalamika, lakini bei hiyo ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya mafuta ya kawaida ya wakati ule.

Mfano huo wa meli unaonyesha jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mafuta ya mwani hufanya kazi ndani ya injini, hilo halina ubishi tena, na yeyote anayemwonyesha mkulima jenereta inayonguruma kwa mafuta ya mwani hajathibitisha chochote kuhusu bei. Wahenga walisema kumla nguru si kazi, kazi kumwosha. Kazi ya mafuta ya mwani imo katika kuosha, yaani katika safari nzima ya kutoka kwenye maji ya kijani hadi kwenye tangi la gari.

Hapa ndipo mazungumzo yanapofika kwenye hesabu ya bwawa moja la Gusii, nayo itafanywa polepole. Lichukuliwe bwawa lilelile la mita za mraba 300, na lichukuliwe kwamba linatunzwa kwa ustadi mkubwa, maji yake yanakorogwa mchana kutwa kwa gurudumu la umeme ili kila chembe ya mwani ipate mwanga, na linatoa gramu 10 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kiwango hicho ni cha heshima kwa mwaka mzima, na si kila mradi duniani umekifikia. Bwawa hilo litatoa kilo 3 za mwani mkavu kwa siku, na ikiwa sehemu moja kwa tano ni mafuta, mkulima atapata kama theluthi mbili za lita. Lori la kukusanya majani ya chai likitumia lita 30 kwa siku, litahitaji mabwawa yapatayo 45 ya namna hiyo, yaani zaidi ya ekari 3 za maji matupu, na hapo umeme wa kukoroga haujahesabiwa.

Lakini ekari si tatizo kubwa zaidi. Kilo zile 3 za mwani haziko juu ya sahani, kwa kuwa zimetawanyika katika maji, na katika bwawa la wazi lita moja ya maji huwa na takribani nusu gramu tu ya mwani mkavu. Kwa maneno mengine, ili apate kilo 3, mkulima hana budi kuchuja lita 6,000 za maji kila siku, kwa kutumia vichujio vyenye matundu madogo kuliko ya kitambaa chochote cha nyumbani, au kwa dawa za kuugandisha mwani ili uzame, au kwa mashine inayozungusha maji kwa kasi kubwa hadi mwani ujitenge ukutani. Njia ya kwanza huziba, ya pili huacha dawa katika mwani na katika maji, na ya tatu hula umeme. Mwani hauna shida ya kumea. Shida ni kuutoa majini.

Tuseme sasa maji yamechujwa na umebaki uji mzito wa kijani ambao sehemu yake moja kwa tano ni mwani na zilizobaki ni maji. Je, kazi imekwisha? Wananchi wa Nyamira na Kisii wanaweza kujibu swali hili kwa kuangalia viwanda vyao vya chai, kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Kiamokama. Jani bichi la chai lina maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na zinahitajika zaidi ya kilo 4 za majani mabichi ili ipatikane kilo moja ya chai kavu. Ili maji hayo yaondoke, kila kiwanda huchoma kuni siku nenda siku rudi, na milundo ya magogo ya mikaratusi iliyopangwa uani ni ushahidi wa gharama ya kukausha kitu kibichi. Uji wa mwani ni mbichi kuliko jani la chai, kwani kilo 3 za mwani zimeshikana na kilo 12 za maji hata baada ya mashine kufanya kazi yake yote. Nishati inayohitajika kuzigeuza kilo hizo 12 za maji kuwa mvuke ni kubwa kuliko nishati yote iliyomo katika theluthi mbili za lita za mafuta yanayotafutwa.

Chai inastahimili gharama hiyo kwa sababu huuzwa kama kinywaji, na mnywaji hulipia ladha. Mafuta ya gari hayana ladha ya kulipiwa, kwa kuwa dereva hununua nguvu tu, na nguvu ikipotea katika kukausha, hakuna kilichobaki cha kuuza. Hapo pana kiini cha jambo lote: bidhaa ya nishati haiwezi kutumia nishati nyingi kuliko inayotoa, hata kama kila kitu kingine kingetolewa bure.

Pengine msikilizaji anauliza kwa nini mwani usianikwe juani kama mahindi au omena. Kuanika kunawezekana, na katika nchi kame watu hufanya hivyo. Watu wa kandokando ya Ziwa Chad, kwa mfano, wamekausha mwani wa spirulina kwa jua na mchanga kwa vizazi vingi ili kuula. Katika Gusii, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500 za mvua na wingu la alasiri ni jambo la kawaida, uji wa mwani ulioanikwa una hatari ya kuoza kabla haujakauka, na mafuta yake kuchacha. Wingu hilohilo hupunguza mwanga ambao mwani unautegemea, mvua huzimua maji ya bwawa la wazi na huweza kulifurisha, na baridi ya usiku katika miinuko ya Borabu au Manga, inayokaribia au kuzidi mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hurudisha tatizo lilelile lililowakwamisha watafiti wa New Mexico.

Na ardhi je? Kwa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira zaidi ya 670. Familia nyingi zimegawana mashamba hadi vipande vidogo vilivyolala mteremkoni, ilhali bwawa la mwani huhitaji ardhi tambarare. Ardhi tambarare ya Gusii iko mabondeni, kando ya mto Gucha na vijito vyake, kwenye mboga, mabwawa ya samaki, mikaratusi na maeneo oevu yanayohifadhi maji ya mto. Hoja kwamba mwani hautumii ardhi ya chakula huwa na nguvu katika jangwa. Katika bonde la Gusii hoja hiyo hupoteza nguvu yake.

Liko pia suala la lishe ya mwani wenyewe, ambalo husahaulika kwa kuwa watu hudhani kwamba mwani hushiba jua. Mwani unahitaji naitrojeni na fosforasi kama mimea mingine, na kwa tani moja ya mwani mkavu zinahitajika takribani kilo 80 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya chai ya 26:5:5, ambao kila mkulima wa chai anaujua, una kilo 13 za naitrojeni, kwa hiyo tani hiyo ingemeza kama mifuko 6, na kutokana nayo yangepatikana mafuta yanayozidi lita 200 kidogo. Tena mwani una tabia inayomchosha mtafiti: unaposhiba naitrojeni hukua haraka lakini huweka mafuta machache, na unaponyimwa naitrojeni hujaza mafuta lakini huacha kukua, hivyo anayetaka wingi hukosa unono na anayetaka unono hukosa wingi. Jitihada za kubadilisha vinasaba zilikusudiwa kuvunja fundo hilo, na bado halijavunjwa kwa kiwango cha biashara.

Hewa ukaa nayo ni chakula cha mwani. Hewa ya kawaida ina sehemu chache sana za gesi hiyo, kwa hiyo miradi yenye mavuno makubwa hupuliza hewa ukaa ya ziada ndani ya bwawa. Mtu anaweza kusema kwamba mabomba ya moshi ya viwanda vya chai yanaitoa bure, na wazo hilo si baya, ila moshi hauna budi kusafishwa, kupozwa na kusukumwa kwa pampu, na kiwanda hukausha chai hata usiku wakati mwani haufanyi usanisinuru.

Wataalamu hawajakaa bure mbele ya vikwazo hivi. Wengine wameotesha mwani ndani ya mirija ya kioo au plastiki, ambayo huzuia uchafu na wadudu wadogo walao mwani na hutoa mavuno mazito zaidi, lakini mirija hununuliwa, husafishwa na hupozwa, na gharama yake huzidi thamani ya mafuta. Wengine wamebuni njia ya kuupika uji wa mwani ukiwa na maji yake kwa joto la takribani nyuzi 300 chini ya mgandamizo mkubwa, hadi utoe mafuta ghafi bila kukaushwa kwanza. Njia hii inalenga moja kwa moja tatizo la maji, na ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, ila huhitaji vyombo vya chuma imara na mafundi wa hali ya juu, na mafuta ghafi yanayotoka humo huwa na naitrojeni nyingi inayopaswa kuondolewa kiwandani. Kenya haina kiwanda cha kufanya kazi hiyo kwa sasa, kwani kile cha Changamwe mjini Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013.

Swali jingine ambalo hujitokeza mara nyingi ni hili: kwa nini usivunwe mwani wa bure unaofunika sehemu za Ziwa Victoria katika Ghuba ya Winam? Jibu ni kwamba wingi wa kijani hicho husababishwa na bakteria wa kijani-buluu, ambao hufanana na mwani lakini wana mafuta machache, baadhi yao hutoa sumu inayodhuru samaki na watu, na hutokea na kutoweka kufuatana na upepo na majira. Zaidi ya hayo, hata mwani wa bure una maji yaleyale. Kinachopandisha bei ni kuutenga na maji, na ziwa halimpunguzii mtu kazi hiyo.

Baada ya hesabu hiyo, wasikilizaji wanaweza kujiuliza iwapo bayofueli zote, yaani mafuta ya injini yanayotokana na viumbe hai, ni ndoto. Kenya imejaribu zaidi ya moja, na kila jaribio lina funzo. Huko Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical and Food ilitengeneza spiriti kutokana na molasi ya viwanda vya sukari, na katika miaka ya 1980 spiriti hiyo ilichanganywa na petroli ya magari, hadi mpango ukakoma mapema katika miaka ya 1990 kwa sababu bei haikuwalipa waliohusika. Baadaye ikaja homa ya mbono, mmea uliosifiwa kwamba hutoa mafuta hata katika ardhi kavu na duni. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa na Kituo cha Kilimo Mseto Duniani, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya na washirika wao, ambao ulikwenda kwa wakulima wenyewe na kupima mavuno yao, ulionyesha kwamba mbono haukumlipa mkulima mdogo, na ukashauri usipandwe isipokuwa kama ua wa boma. Katika nchi jirani ya Tanzania, shamba kubwa la mbono la Kisarawe liliporomoka mwaka 2011, na wanavijiji waliotoa ardhi yao wakabaki na madai.

Tangu mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia imekuwa ikikamua mbegu za nyonyo na nyinginezo huko Makueni na kusafirisha mafuta yake hadi Italia. Mbegu ya nyonyo ina faida moja ambayo mwani hauna: hukauka yenyewe juu ya mti wake, mkulima huibeba kwa gunia, na mashine ya kukamua hukuta mafuta badala ya maji. Je, hiyo ina maana kwamba wakulima wa Gusii wang'oe chai wapande nyonyo? La hasha, kwa sababu ardhi ya chai na ndizi ina thamani kubwa kuliko hiyo, lakini tofauti ya mbegu kavu na uji wa kijani inaeleza kwa nini mbegu ina kiwanda na mwani bado uko maabara.

Sasa yabaki manufaa. Mwani hauhitaji kuwa mafuta ili uwe na faida, na mahali unapofaa ni pale ambapo hakuna haja ya kuukausha. Mahali pa kwanza ni bwawa la samaki, ambamo ngege huuchuja mwani kwa matamvua yake, bila pampu, bila umeme wala kuni, na kuugeuza kuwa nyama inayouzwa sokoni Daraja Mbili. Mfugaji anayejua kuusoma mwani kwa kiwiko chake, akaongeza samadi inapohitajika na kusitisha inapozidi, hununua chakula kidogo cha madukani, na hiyo ni gharama aliyoiokoa kwa hakika.

Mahali pa pili ni majitaka. Mji wa Kisii una mitambo yake ya kusafisha majitaka huko Suneka, na katika mabwawa ya namna hiyo mwani hufanya kazi muhimu ya kutoa oksijeni inayowawezesha bakteria kuozesha uchafu, huku ukifyonza naitrojeni na fosforasi ambazo vinginevyo zingeteremka mtoni hadi ziwani kulisha kijani kile chenye sumu. Mwani wa majitaka hupata mbolea bure, na maji yake yamekwisha kukusanywa kwa sababu nyingine, kwa hiyo gharama mbili kubwa huwa zimelipwa tayari. Ikiwa siku moja nishati itapatikana kutokana na mwani katika Gusii, yaelekea itaanzia hapo, tena kama bayogesi, yaani gesi inayotolewa na bakteria wanaoozesha vitu vibichi ndani ya tangi lisilopitisha hewa, kwa kuwa tangi la bayogesi hupokea kitu kikiwa na maji yake. Chuo Kikuu cha Kisii na serikali za kaunti zote mbili zina uwezo wa kupima jambo hilo kwa gharama ndogo, kabla ya yeyote kuzungumzia lori au ndege.

Funzo hilohilo la kutokausha linatumika pia katika bayogesi ya nyumbani, ingawa hiyo haihitaji mwani hata kidogo. Familia yenye ng'ombe wawili wa zizini, wanaolishwa matete na mabua ya migomba, tayari ina malighafi mbichi inayofaa tangi hilo, na gesi yake hupunguza kuni, ambazo ndizo nishati inayotumiwa zaidi katika majiko ya Gusii. Aliye na samadi ana mafuta yaliyokaribia zaidi kuliko aliye na bwawa la kijani.

Kwa kumalizia, wasikilizaji wapendwa, yakumbukwe mambo haya. Mafuta ya mwani yanafanya kazi, ila ni ghali, na ughali wake unatokana na maji, mbolea na joto la kukaushia, wala hautokani na uvivu wa wataalamu. Kwa miaka mingi nchi na kampuni tajiri zimejaribu mahali penye jua na ardhi nyingi kuliko Gusii, na hazijafikia bei ya kituo cha mafuta. Utafiti uendelee, kwa sababu siku moja njia ya kuupika mwani bila kuukausha huenda ikawa rahisi, lakini utafiti ni kazi ya maabara na fedha za umma, na haupaswi kugharimiwa na mkulima mwenye nusu ekari.

Kwa hiyo atakapokuja mtu kijijini, iwe Ogembo, Nyamache, Ekerenyo au Magombo, akiwa na picha nzuri na mkataba wa kukodi bonde kwa ajili ya mafuta ya mwani, na aulizwe maswali matatu kabla ya kalamu kushikwa. Mwani utatolewaje majini, na kwa nishati kutoka wapi? Mbolea yake italipwa na nani? Lita moja itauzwa kwa bei gani ikilinganishwa na dizeli ya mwezi huu? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu kwa tarakimu asipewe ardhi wala ada ya uanachama.